Kuadhimisha Lucia nyumbani pamoja na watoto wadogo: tuanzie wapi?

Mama wa Uppsala aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo katika majira haya ya giza. Tunaishi Uppsala, Uswidi, na watoto wetu wawili, msichana wa miaka 8 na mvulana wa miaka 5, wamezoea kushiriki msafara wa Lucia pamoja na wenzao, ule ambao mtoto mmoja, anayeitwa Lucia, huvaa nguo nyeupe na taji la mishumaa na kuwaongoza wengine wakiimba gizani. Mwaka huu wanataka tuufanye nyumbani, asubuhi ya tarehe 13 Desemba, kabla ya watu kutoka. Mimi sherehe hii nimeiona ukumbini tu, tena kupitia mwanya kati ya simu za wazazi waliokaa mbele yangu, kwa hiyo sijui familia za Kiswidi huifanyaje zinapokuwa peke yao.

Nahofia taji la mishumaa juu ya kichwa cha mtoto, na mikate ya zafarani ninayoinunua huwa mikavu kiasi kwamba nasitasita hata kujaribu kuioka. Kijana wangu naye anataka kuwa Lucia, na dada yake hakubali. Zaidi ya hayo, baba yao ni Mwislamu. Hana pingamizi, ila ameuliza, na ana haki ya kuuliza, kama hatuingizi nyumbani ibada ya mtakatifu wa Kikristo. Nitashukuru kwa ushauri wenu.

Mzee wa Vänern alijibu:

Dada, nianze na swali la mumeo, kwa kuwa hayo mengine ni ya jikoni na yatapata wajuzi wake. Lucia mwenyewe alikuwa msichana wa Siracusa, katika kisiwa cha Sicilia, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa aliuawa mwaka 304 wakati wa mateso ya Kaisari Diocletianus, na siku yake ikawekwa tarehe 13 Desemba. Hata hivyo Uswidi iliingia Ulutheri katika karne ya 16, na Walutheri hawawaombi watakatifu. Kilichodumu vijijini ni ule usiku wenyewe. Kwa kalenda ya zamani, iliyotumika hapa hadi mwaka 1753, usiku huo ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko wote. Watu waliamini kwamba pepo wabaya huzurura na wanyama hupata uwezo wa kusema, basi wakakesha, wakala na kunywa mpaka kupambazuke.

Msichana aliyevaa nguo nyeupe na kubeba mishumaa ni jambo la baadaye. Simulizi ya zamani inayotajwa mara nyingi ni ya mwaka 1764, katika nyumba ya kitajiri ya huku kwetu Västergötland, ambako mgeni aliamshwa usiku kwa nyimbo na chakula. Kwa muda mrefu ilibaki desturi ya makabaila wa kandokando ya ziwa Vänern, na ilienea nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya gazeti moja la Stockholm kuanzisha shindano la kumchagua Lucia wa jiji.

Kwa hiyo katika msafara wa nyumbani hakuna sala wala sadaka, na siku yenyewe si hata sikukuu ya mapumziko. Watu huenda kazini kama kawaida. Lakini nisimfiche shemeji: wimbo mkuu unalitaja jina la mtakatifu, na ule utepe mwekundu wa kiunoni hufasiriwa kuwa ni ishara ya damu yake. Nafahamu nyumba za Kiislamu zinazosherehekea bila tatizo, na nyingine zinazoishia kwenye mishumaa na mikate. Uamuzi huo ni wenu wawili.

Mwokaji wa Malmö alijibu:

Ukavu wa lussekatter, yaani hiyo mikate ya zafarani, una sababu, na sababu hiyo si zafarani, ingawa ndiyo inayolaumiwa siku zote. Watu huongeza unga kila wanapoona donge linanata, kisha huacha mikate ndani ya tanuri mpaka iwe na rangi nzuri, wakati ambapo imekwisha kuharibika. Donge linapaswa kuwa laini na lenye kunata kidogo hata baada ya kukandwa vya kutosha.

Kwa nusu lita ya maziwa natumia gramu 50 za hamira mbichi, yaani kipande kimoja kama kinavyouzwa madukani, gramu 175 za siagi, desilita 2 za sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, gramu 1 ya zafarani na unga wa ngano unaokaribia kilo moja, ambao siumimini wote kwa mkupuo. Kwa familia ya watu wanne, nusu ya vipimo hivi inatosha. Wengi huongeza gramu 250 za kesella, aina ya jibini laini, na nawaunga mkono, kwa sababu hushikilia unyevu. Zafarani huuzwa katika pakiti za nusu gramu, na kwa kuwa ni ghali maduka mengi huiweka karibu na mwenye kupokea pesa, hivyo usipoiona kwenye rafu za viungo uliza pale. Isage kwenye kinu pamoja na sukari kidogo, kisha iloweke katika maziwa ya moto. Baadhi ya mapishi husema iloweshwe katika pombe kali, lakini nyumbani kwenu hilo halina ulazima, rangi hutoka vilevile.

Pasha maziwa na siagi mpaka nyuzi joto 37, changanya, kanda, acha donge liumuke. Kata vipande, visokote viwe kama kamba, kisha kunja ncha mbili kuelekea pande zinazopingana ili upate umbo la herufi S, na katikati ya kila mkunjo bana zabibu kavu moja iingie ndani, maana ya juu juu huungua au hudondoka. Acha viumuke tena, paka yai, oka kwa nyuzi 225 kwa dakika 5 hadi 8. Ikitoka tu, ifunike kwa kitambaa. Oka tarehe 12 jioni, na itakayosalia igandishe usiku huohuo; mkate wa zafarani wa juzi hauna mtetezi.

Mlinzi wa Zamu alijibu:

Kuhusu moto sina maneno mengi. Mtoto avae taji la betri, hata akilia. Mishumaa halisi ni ya mtu mzima au kijana mkubwa anayejua kutembea taratibu, aliyefunga nywele na kuweka kitambaa chenye unyevu chini ya taji, na karibu yake pawe na mtu mwenye maji na blanketi. Nyuzi za kung'aa zinazofungwa kichwani na kiunoni zisikaribie mwali wowote, basi wasindikizaji nao wape mishumaa ya betri. Moto halisi uweke mezani, mahali mnapouona nyote.

Mama wa Uppsala aliandika:

Ahsanteni sana. Shemeji yenu amesoma na kuridhika, na ameomba tu tusianze saa kumi usiku. Bado sijajua msafara wenyewe unaendaje ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, na mgogoro wa taji haujatatuliwa.

Mwanakwaya alijibu:

Dada, udogo wa nyumba ni faida. Asili ya nyumbani ni kwamba binti mkubwa huwapelekea wazazi kahawa na lussekatter kitandani, basi jikoni pawe ndipo wanapotokea, na chumba chenu cha kulala ndipo wanapofika. Zimeni taa zote, hata ile ya Majilio dirishani, halafu mjifanye mmelala. Saa moja asubuhi inafaa: hapo Uppsala jua halichomozi mpaka karibu saa tatu kasorobo, kwa hiyo giza litakuwepo la kutosha.

Waingie wakiimba *Sankta Lucia*, ambao lahani yake, kwa taarifa yenu, ilikuwa ya wimbo wa Napoli kuhusu mashua ghubani. Ubeti mmoja unatosha kutoka jikoni hadi kitandani. Wakishafika waimbe wimbo mwingine mfupi waliofundishwa, kisha warudi na ule wa kwanza, huku mmoja wenu akiwafuata kubeba sinia, kwani kahawa ya moto haifai kubebwa gizani na mtoto.

Kuhusu taji, zipo skuli za awali ambako kila anayetaka kuwa Lucia huwa Lucia, hata wakiwa watano katika mstari mmoja, na wavulana wamo. Nunua mataji mawili. Ila mwoneshe kijana pia vazi la stjärngosse, mvulana wa nyota katika msafara, yaani kanzu nyeupe, kofia ndefu iliyochongoka yenye nyota za dhahabu, na fimbo yenye nyota nchani. Nimeona wengi wakilisahau taji mara tu wanapokabidhiwa ile fimbo, ingawa dada yake huenda akaitaka nayo.