RTGS, PesaLink, hundi au M-Pesa: pesa huingia lini, na huwa zako lini?

NgongRd_Mnunuzi
Wadau, gari ni 1,850,000, yadi iko Ngong Road, na benki yangu si ya muuzaji. Hatoi logbuku wala kuanzisha uhamisho kwenye eCitizen mpaka aone pesa kwake. Njia ninazolinganisha ni RTGS (uhamisho wa benki hadi benki kupitia Benki Kuu), PesaLink (benki hadi benki papo hapo kwa programu ya simu), hundi ya kawaida, hundi ya benki (ile inayoandikwa na benki yenyewe) na M-Pesa. Nataka muda wa kila moja, na hasa inapokwama. Leo Alhamisi, tungependa kumalizana kabla ya Jumatatu.

DawatiLaHundi
Hundi zote mbili ziondoe kwenye orodha. Tangu Oktoba 2009, hundi au EFT (malipo ya benki hadi benki yanayotumwa kwa mafungu) ya milioni 1 kwenda juu haipiti kwenye kituo cha kubadilishana hundi. Hundi ya benki nayo haina msamaha, ingawa wauzaji wengi bado wanaidai kwa mazoea. Ukiandika 1,850,000 itakataliwa pale pale dirishani.

Kwa wenye hundi za chini ya milioni, mwendo ni huu. Jumatatu unaweka kabla ya saa ya mwisho ya tawi. Benki inaipiga picha na kutuma picha hiyo pamoja na namba za sumaku zilizo chini. Karatasi yenyewe haisafiri tena tangu 2011. Jumanne benki ya aliyeandika inakagua sahihi, tarehe na salio, halafu inalipa au inarudisha. Pesa unaachiliwa Jumanne jioni au Jumatano asubuhi, kulingana na benki yako. Ukiweka Jumamosi, hesabu inaanza Jumatatu, kwa sababu tawi kuwa wazi si sawa na kituo kufanya kazi. Aliyeandika hundi na anayeiweka wakiwa na benki moja, huweza kumalizika siku hiyo hiyo.

Zinazorudi si lazima ziwe hundi hewa. Maneno yanasema elfu themanini, tarakimu zinasema 88,000. Tarehe imepita miezi 6. Kampuni inadai sahihi mbili, ipo moja. Muhuri wa duka umegongwa juu ya zile namba za chini, au pini ya stepla imetoboa hapo, mashine ikashindwa kusoma. Ukikosea neno usifute wala usiandike juu yake, chana uandike nyingine.

Kirinyaga_Spea
Dawati, swali. Mteja ameweka hundi kwenye akaunti ya duka saa nne asubuhi, saa sita salio limepanda. Mzigo utoke?

DawatiLaHundi
Usitoke. Akaunti ina masalio mawili: la jumla, na lile unaloweza kutoa. Hundi inaingia kwenye la kwanza siku ya kuwekwa, kwenye la pili inaingia ikishalipwa. Ujumbe wa simu mara nyingi unataja la kwanza tu. Hapo katikati aliyeandika anaweza kwenda benki yake akaisimamisha, na ikirudi unakatwa kiasi chote pamoja na ada. Fungua programu ya benki usome lile la kutoa.

Hundi ya benki ni nafuu kidogo kwa sababu mteja ameshakatwa kabla haijaandikwa, lakini inapita kituo kile kile, na za kughushi zipo. Ukitaka kuithibitisha, piga simu tawi lililoitoa kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Namba iliyochapishwa kwenye hundi yenyewe usiiamini.

Mhasibu_IndArea
Turudi kwa gari. Jibu ni RTGS. Benki yako inakata akaunti yako, inatuma agizo kwenye KEPSS, mfumo wa Benki Kuu unaofanya kazi tangu 2005, na huko akaunti ya benki yako inapunguzwa na ya benki ya muuzaji inaongezwa, agizo moja moja. Likishapita hapo halivutwi nyuma. Ndiyo tofauti kubwa na hundi.

Kwa hivyo usihesabu "saa ngapi mpaka ifike" peke yake. Kuna vituo vitatu: dawati la benki yako, Benki Kuu, na dawati la benki ya muuzaji. Cha kati ni dakika tu, labda benki yako iwe imepungukiwa huko na agizo lipange foleni. Ucheleweshaji uko pembeni. Fomu ikifika tawini saa tatu asubuhi, muuzaji kwa kawaida anaona pesa kabla jioni haijaingia. Ikifika saa tisa alasiri, kuna matawi yatakayoipokea, yaigonge muhuri, na kuituma kesho. Nakala yenye muhuri inaonyesha benki imepokea maagizo, haionyeshi zaidi ya hapo. Wauzaji wanaolizwa ni wale wanaochukua nakala hiyo kama malipo.

Jaza hivi: jina kamili la mwenye akaunti kama lilivyo benki (yadi nyingi akaunti ni ya kampuni, si ya yule uliyepatana naye bei), namba ya akaunti, namba tano za benki na tawi (mbili za kwanza ni benki, tatu ni tawi), na sababu ya malipo. Jina likipishana na akaunti, pesa zinawekwa kando zikisubiri mtu azikague, na zikirudishwa unaweza kupoteza siku nzima au mbili. Mwambie muuzaji akutumie maelezo yake kwa maandishi, unakili, usiandike kwa kusikia kwenye simu.

Wanaolipa mishahara kwa EFT wana balaa lao. EFT inakusanywa kwa mafungu, inafika siku hiyo au siku ya kazi inayofuata, na ni ya chini ya milioni. Kinachoiua mara nyingi ni Excel: namba ya akaunti ikianza na sifuri, Excel inaila ile sifuri. 0110… inakuwa 110…, faili linapita, malipo yanarudi siku ya pili, na wafanyakazi wako mlangoni. Weka safu hiyo iwe ya maandishi *kabla* ya kubandika namba. Ukibadilisha baadaye sifuri hairudi.

MkesheWaApp
Mhasibu umeiruka PesaLink. Ipo tangu 2017, inafanya kazi usiku na sikukuu, na inaingia ndani ya sekunde. Kikomo ni 999,999 kwa muamala mmoja, kwa hivyo 1,850,000 ni mara mbili: 999,999, halafu 850,001. Hata Jumapili baada ya ibada.

Mhasibu_IndArea
Sijaipuuza, ila kikomo cha siku ni cha benki yako, si cha PesaLink. Programu nyingi zitamkatalia muamala wa pili, na kikomo hicho mara nyingi hakipandishwi ila kwa ombi, wakati mwingine kwa kwenda tawini. Apige simu leo aulize. Wakikubali, kwake PesaLink inashinda RTGS kwa muda, na ada yake kwa kawaida ni ndogo.

MkesheWaApp
Hapo sawa. Na tahadhari moja: mtandao ukikatika katikati unaweza kukatwa na mwenzako asipate. Usirudie haraka. Soma taarifa ya akaunti, chukua namba ya muamala, subiri. Usiporudishwa, peleka hiyo namba kwa benki yako, kwa sababu ndiyo iliyotuma. Wanaorudia mara tatu kwa hasira wanalipa mara tatu. Pia tuma shilingi 100 kwanza, muuzaji akusomee jina lililoonekana kwake, ndipo utume kubwa.

Luthuli_Simu
M-Pesa kwa gari ni kujitesa. Tangu Agosti 2023 muamala mmoja mwisho ni 250,000, siku nzima 500,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Piga hesabu: miamala 8, siku 4. Na mpokeaji akiwa na 300,000 ndani, 250,000 yako inakataliwa mpaka apunguze. Kwa deposit ya kushikilia gari ni sawa.

Akikupa paybill ya benki na namba ya akaunti, soma hiyo namba mara mbili. Ukikosea tarakimu na ikawa akaunti ya mtu mwingine, pesa zimeenda kwake. Ukikosea kwenye kutumiana kawaida, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom mara moja. Mpokeaji akishatoa, kazi imekuwa ngumu.

Kirinyaga_Spea
Na dola? Kuna mteja wa Marekani anasema ametuma Jumatatu, leo Alhamisi hakuna kitu.

SWIFT_Westlands
Siku 1 hadi 4 za kazi ni kawaida, kwa hivyo bado hujachelewa. Benki yake haizungumzi moja kwa moja na yako. Kuna benki ya kati, mara nyingi New York, na Nairobi iko mbele kwa saa 7 au 8. Agizo la alasiri yao linaingia kwetu usiku. Sikukuu za kwao pia zinahesabika.

Usiulize "umetuma?" Omba nakala ya agizo lenyewe la SWIFT, mtandao wa ujumbe wa benki duniani (wengi bado huliita MT103, jina la zamani), na namba ya ufuatiliaji ya herufi 36, inayoitwa UETR. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kuona pesa zimelala wapi. Angalia pia sehemu ya ada: OUR, mtumaji analipa zote, SHA, mnagawana, BEN, zinakatwa kwenye zako. Ukipokea 4,965 badala ya 5,000, tafuta jibu hapo kabla ya kumlaumu mteja.

Kenya hatutumii IBAN, ile namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa. Mteja wa Ulaya akidai, mpe namba ya akaunti, jina kamili na msimbo wa SWIFT wa benki yako, ambao herufi ya tano na ya sita ni KE. Zikiwa herufi nyingine, umempa wa nchi nyingine. Na weka ankara tayari, maana benki yako inaweza kuzishikilia mpaka uonyeshe ni malipo ya nini.

NgongRd_Mnunuzi
Nimewapigia. Kikomo changu cha siku ni 1,000,000, kukipandisha wanataka barua. Muuzaji ametuma maelezo ya akaunti kwa maandishi, jina ni la kampuni. Basi RTGS kesho asubuhi?

Mhasibu_IndArea
Ndiyo, uwe mlangoni wakifungua. Kabla ya kusaini, linganisha jina la kampuni kwenye mkataba na kwenye fomu, neno kwa neno pamoja na "Limited". Chukua namba ya kumbukumbu ya agizo, si nakala yenye muhuri tu. Saa sita kama muuzaji hajaona, uliza benki yako swali moja: *agizo limetoka kwenda Benki Kuu saa ngapi?* Likiwa limetoka, mpe muuzaji hiyo namba ya kumbukumbu aende nayo kwa benki yake. Likiwa halijatoka, uko pale pale dirishani na bado ni mchana.

MkesheWaApp
Na ikishindikana Ijumaa, PesaLink 999,999 Jumamosi, 850,001 Jumapili. Logbuku itoke baada ya ya pili.