Gofu Hong Kong kwa bajeti ya kawaida: kisiwani, Fanling, kuvuka Shenzhen au renji?

Mtumba_Mashimo18
Wakuu mbukwenyi, poleni na upepo wa Dodoma. Mwezi wa 11 naenda Hong Kong kwenye maonyesho ya biashara, kazi zinaisha Alhamisi na ndege ya kurudi ni Jumapili usiku, kwa hiyo Ijumaa na wikiendi niko huru na roho yangu iko kwenye gofu tu, sitaki kurudi bila kupiga raundi moja ya maana. Mimi ni wale wa kushuka Morogoro na SGR, nacheza pale gymkhana, jioni narudi, handikapu 19 (kipimo cha uwezo, namba ndogo ndio bora). Shida ule mji umebanana na bei ziko juu, kuna klabu moja ya huko nimewaandikia imeli wakajibu wanachama tu, basi.

Njia ninazoziona: uwanja wa umma wa Kau Sai Chau kule kisiwani, klabu ya Fanling kama wanapokea wageni, kuvuka mpaka niende Shenzhen, China bara, au niachane na mashimo nikapige mipira kwenye renji (sehemu ya kupigia mipira ya mazoezi) au simyuleta (mashine ya gofu ya ndani yenye screen) mjini. Pia nibebe fimbo zangu au nikodi huko? Waliofika naombeni mnisaidie.

Kedi_Mkongwe
Mkuu usizunguke, nenda kisiwani. Kau Sai Chau ndio uwanja pekee wa umma Hong Kong nzima, umejengwa kwa hela za Jockey Club, wale wa mbio za farasi, ukafunguliwa 1995, na zamani upande ule wa kisiwa jeshi la Waingereza walikuwa wanapigia mizinga ya mazoezi. Leo kuna viwanja vitatu vya mashimo 18 kila kimoja. North na South kavichora Gary Player wa Afrika Kusini, East kimekuja baadaye 2008.

Kwa handikapu yako chukua South, ndio kifupi na kina huruma. North ndio kizuri kuliko vyote, bahari na milima inakuzunguka kila unapogeuka, lakini ni uwanja wa vilima, kuna mahali inabidi uvushe mpira juu ya korongo na ukipungukiwa hamna cha kutafuta, umekwenda. Mtu aliyezoea tambarare miguu itamuuma jioni.

Njia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Treni ya MTR mpaka Choi Hung, pale unapanda minibasi 1A mpaka Sai Kung, mji mdogo wa wavuvi, unatembea ufukweni mpaka gati ya boti za uwanja, ndio hiyo inakuvusha. Kila kitu unalipa na Octopus, kadi yao ya nauli, isipokuwa boti nakushauri uliza pale pale unapofanya buking.

Ila nakuomba sana, cheza IJUMAA. Wikiendi usiende, wakazi wenyewe zaidi ya milioni saba wanagombania uwanja mmoja wa umma, bei inapanda, na mgeni asiye mkazi analipa zaidi yao siku yoyote.

BabaNeema_AreaD
Nakubaliana na mzee Kedi kuhusu Ijumaa ila Fanling msiitupe haraka hivyo. Ile klabu ni ya 1889, na mashindano ya Hong Kong Open yamezaliwa pale 1959, kwa mpenzi wa gofu kukanyaga pale ni kitu kikubwa sana, miti ni ya miaka mingi mno unacheza chini ya vivuli. Wageni huwa wanapokelewa siku za kazi, sio wikiendi.

Mtumba, wewe ni mwanachama wa klabu yoyote nyumbani? Kama ndiyo nenda kwa katibu wako muombe barua ya utambulisho na uulize kama klabu yenu ina makubaliano na klabu za nje, klabu zetu hizi za gymkhana zimerithi huo utaratibu toka enzi za mkoloni na watu wengi hatuutumii kabisa, inauma. Ukiwa na barua unaongea na mtu, bila barua ndio unapata lile jibu la wanachama tu. Ila hela jiandae, ni ghali kupita kisiwani kwa mbali.

Na kwa anayetaka kuelewa kwanini gofu kule ni ghali vile: 2023 serikali ilichukua hekta 32 za Fanling kwa sababu watu hawana pa kuishi, sehemu yake walitaka wajenge nyumba za umma. Ardhi ndio inagombaniwa.

Dada_wa_Ilazo
Mimi nizungumzie Shenzhen maana nimevuka pale kibiashara mara kwa mara na mume wangu ndio mcheza gofu. Kaka Mtumba, VISA. Hong Kong na China bara ni uhamiaji tofauti, ukivuka unahesabika umetoka Hong Kong na ukirudi unaingia upya, kwa hiyo hakikisha visa ya China unayo mkononi kabla hujaondoka Tanzania. Hilo peke yake kwa mtu wa siku tatu ni mzigo.

Ukishavuka kweli kuna vitu. Kuna kituo kinaitwa Mission Hills, kiliwahi kufikisha viwanja 12, mashimo 216, Guinness waliwahi kuwaandika kuwa ndio kituo kikubwa cha gofu duniani. Kedi, yule mbeba fimbo, pale ni lazima, unapangiwa, na bakshishi inategemewa kwa hiyo iweke kwenye hesabu mapema. Mume wangu aliwasifia sana wale kina dada makedi, wanasoma grini, yale majani mafupi yenye shimo, kuliko mwenye mpira. Lakini foleni ya mpakani kwenda na kurudi, gari toka mpakani, unashtukia siku nzima imekwisha na ule unafuu wa bei umeliwa na usafiri. Wiki nzima ningesema nenda. Siku tatu hapana.

kijana_Nkuhungu
Wazee shikamooni. Mi natetea renji na simyuleta, hamjaitendea haki. Mtu katoka kwenye maonyesho saa 1 usiku kachoka, anaingia kwenye jengo, anakodi fimbo hapo hapo, anapiga mipira lisaa limoja, screen inampa umbali na spidi ya kila fimbo, vitu ambavyo huku Dom hatunavyo. Mi nilijifunza zaidi kwenye simyuleta moja Dubai kuliko miezi ya kujifyatulia tu, niligundua fimbo yangu namba 7 haiendi nilikokuwa naamini.

BabaNeema_AreaD
Marahaba kijana. Unachosema ni kweli kwa mazoezi, lakini huyu kaomba raundi. Upepo wa baharini huwezi kuupata ndani ya jengo.

kijana_Nkuhungu
Sawa mzee, basi afanye vyote, Jumatano usiku renji anyooshe mkono, Ijumaa kisiwani. Asiende uwanjani na mkono uliolala wiki nzima.

Kedi_Mkongwe
Hapo umenena.

Mashoto_Moro
Kuhusu fimbo. Mtu wa mkono wa kulia kodi, mimi nasema kodi bila kufikiria. Begi la gofu kwenye MTR saa watu wanakwenda kazini ni adha kwako na kwa wenzako, wana sheria za ukubwa wa mzigo, halafu vyumba vya hoteli za bei ya kati kule ukiweka begi la gofu wewe unalala mlangoni. Unabadilisha ndege njiani, Addis au Doha, kila sehemu moyo unadunda kama begi limefuata. Beba viatu vyako, glovu, mipira na kofia, vingine waachie wao.

Ila kwa mashoto kama mimi ni habari nyingine, waandikie mapema kabisa kwamba unatumia kushoto na uombe jibu la maandishi, kuna uwanja nchi moja hivi nimefika na buking mkononi wananiambia seti ya kushoto iko moja na imechukuliwa. Nilizunguka mashimo 18 natazama wenzangu wakicheza.

Na cheti cha handikapu beba, print, usitegemee simu.

Mama_wa_Makole
Naongezea kitu kimoja hakijatajwa, JUA. Sisi huku mwezi wa 11 tumezoea jua linazama saa 12 na nusu jioni, Hong Kong mwezi huo linazama kama saa 11 na dakika 40. Ukichukua muda wa mchana kisa ni rahisi utamaliza gizani. Tafuta wa asubuhi. Hali ya hewa nzuri lakini, mwezi wa 11 ndio wenyewe, joto la kiangazi na vimbunga vinakuwa vimepita, mdogo wangu anaishi huko anasema mwezi wa 8 hata kutembea sokoni ni kazi.

Na utaratibu huu wa uwanja wa umma upo miji mingi iliyobanana, usidhani ni huko tu. New York pana Van Cortlandt, wa toka 1895, ndio uwanja wa umma mkongwe kuliko wote Marekani, na unashuka treni ya chini ya ardhi unatembea kwa miguu. London pana Richmond Park. Kila mji tafuta wa umma kwanza kabla hujaanza kubembeleza klabu za watu.

Mtumba_Mashimo18
Wakuu nimeshiba, asanteni sana sana. Dada wa Ilazo umeniokoa na hiyo visa, Shenzhen nimeifuta. Ijumaa asubuhi Kau Sai Chau kile cha South, fimbo nakodi, renji Jumatano usiku kama kijana alivyoshauri. Barua ya katibu naiomba wiki hii hii kwa ajili ya safari zijazo. Swali la mwisho kwa mzee Kedi: niko peke yangu, wenzangu hawachezi, watanikubali au mpaka tuwe wanne?

Kedi_Mkongwe
Waambie kwenye buking uko mmoja, uko tayari kuunganishwa na kundi lolote. Siku ya kazi mtu mmoja kupata nafasi ni rahisi kuliko wanne. Na ukiunganishwa na wenyeji usione haya, sema mapema handikapu yako, cheza haraka, mpira ukipotea angalia kidogo tu weka mwingine, kundi la nyuma liko pale linasubiri. Chukua boti ya mapema zaidi ya unayoihitaji ili upate muda wa kupiga grini ya mazoezi, grini zao zina kasi kuliko za Moro.