Matibabu gerezani: tukate gharama wapi?

Karani_Bajeti:
Wakuu, habari. Gereza lina watu kama 800, mwaka wa fedha haujaisha na fungu la matibabu limekauka. Rufaa za kwenda hospitali na dawa ndizo zinazolimaliza. Kuna pendekezo mfungwa achangie kidogo kila anapotaka kumwona tabibu, ili wanaojisingizia ugonjwa wapungue. Linafaa?

Tabibu_wa_Zamu:
Halifai. Kanuni za Mandela za 2015, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ya 24, zinataka huduma iwe ya kiwango cha uraiani na bila malipo. Hata kwa hesabu tupu ni hasara: asiye na hela atakaa na kikohozi chake, kumbe ni kifua kikuu, na kwenye selo iliyojaa atakuwa ameshaambukiza wenzake. Kila atakayeugua ni dozi ya miezi 6, na kikiwa kifua kikuu sugu gharama inapaa.

Hela iende mapokezi. Siku ya kwanza uliza kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Mwenye dalili atengwe, makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu haraka. Uliza pia dawa anazotumia: ARV, insulini, za kifafa. Wa kifafa akikatiwa dawa ghafla, mtamkimbiza hospitali usiku.

Mkaguzi_77:
Kwanza pasueni hiyo bili ya rufaa. Mgonjwa mmoja akilazwa, askari 2 kwa zamu 3 ni askari 6 kwa siku, bado gari na mafuta. Hayo si matibabu! Daktari wa meno, wa macho na wa akili waje ndani kwa ratiba, wagonjwa wakusanywe siku moja.

Ila anayeamua nani aende hospitali ni mtaalamu wa afya. Kanuni ya 27 hairuhusu asiye tabibu kutengua uamuzi huo. Fungueni daftari la rufaa zilizoahirishwa: tarehe, sababu, siku alizosubiri. Bila daftari hilo, bili ikishuka hamtajua kama mmeokoa fedha au mmewaacha wagonjwa selo.

Mfamasia:
Kwenye dawa, angalia upele. Kumpaka mmoja mmoja ni kumwaga hela, maana anarudi kulala na wenzake. Tibu selo nzima siku moja, nyapara naye: ivermectin mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, rudia baada ya siku 7 hadi 14. Wajawazito wapewe ya kupaka. Nguo na blanketi zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima.

Karani_Bajeti:
Shukrani. Mahabusu anayeachiwa mahakamani bila kurudi je? Dawa zake zinabaki kwetu.

Tabibu_wa_Zamu:
Barua ya matibabu iandikwe mapema, ikae kwenye faili. Kila anapokwenda mahakamani, msindikizaji abebe barua hiyo na dawa za wiki mbili kwenye bahasha iliyofungwa. Akirudi, zinahesabiwa na kurudishwa stoo.