Fedora 42 Beta: madirisha yanakokota tangu nisimbe diski, niuondoe usimbaji?

Steshenari_Ngamiani
Habari za humu wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga: fotokopi, picha za pasipoti, kujazia watu fomu mtandaoni. Mwaka jana laptopu ya kaunta iliibwa. Kilichoniuma si laptopu, ni vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA za wateja zilizokuwa humo. Nenosiri lilikuwepo, lakini ukichomoa diski ukaichomeka kwenye mashine nyingine unasoma kila kitu. Kwa hiyo nilipopata ThinkPad X220 ya mtumba (Core i3-2310M, RAM 8 GB, SSD ya SATA) niliapa diski isimbwe yote, yaani data igeuzwe fumbo lisilosomeka bila nenosiri, kabla sijaweka hata faili moja.

Nikachagua Fedora 42 Beta, toleo la majaribio la mfumo wa Linux, kwa sababu nilisoma kwamba GNOME 48, programu yake inayoonyesha madirisha na menyu, imelainisha madoido ya madirisha kwenye chipu dhaifu. Nikatia tiki pale pa kusimba diski, nikaendelea.

Sasa nikibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows ili nione madirisha yote, hayatelezi. Yanashuka ngazi moja moja kama mzee mwenye goti bovu. Nikianza kunakili picha kutoka kadi ya kamera ndiyo basi tena, hata mshale unaganda. Wakati wa kuwasha, nikishaandika nenosiri la diski inakaa kimya sekunde mbili tatu. Halafu kuna hili, sijui kama linahusiana: kile kitelezi cha kupunguza mwanga wa skrini hakipo kwenye menyu, skrini inawaka kwa nguvu zote mchana na usiku.

Nikiondoa usimbaji, itakuwa nyepesi? Sitaki kuuondoa. Ila mteja akiona mashine inakokota anadhani na mimi nakokota.

zima_tu
Mkuu, madoido ni urembo. Andika hii umalize:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false`

Na beta kwenye kaunta ya biashara umeitafuta mwenyewe.

Steshenari_Ngamiani
Nimeiandika mkuu. Madirisha sasa yanatokea ghafla bila kuteleza, sawa, lakini nikishusha kurasa za PDF bado inakokota, na mshale bado unaganda ninaponakili. Kuhusu beta sina la kujitetea.

binti_terminali
Kaka, usiuguse usimbaji kwanza. Dirisha linapoteleza halisomi chochote diskini, picha yake tayari iko kwenye RAM na anayeichora ni chipu ya grafiki. Usimbaji unaingia kazini pale tu data inapoandikwa au kusomwa diskini. Zile sekunde mbili za kuwasha nazo ni za makusudi: LUKS2, yaani mfumo wa Linux wa kusimba diski, inalipitisha nenosiri kwenye hesabu nzito iitwayo Argon2id, ambayo inakula muda na RAM nyingi (hadi GB 1) ili mwizi asiweze kubahatisha maneno maelfu kwa sekunde. Unalipa mara moja asubuhi, basi.

Kilichonishtua ni kitelezi. Kikikosekana, mara nyingi dereva wa grafiki hajapakiwa kabisa. Fungua Mipangilio, nenda Mfumo, kisha Kuhusu, usome mstari wa grafiki. Halafu nipe majibu ya hizi:

`cat /proc/cmdline`
`grep -m1 -o aes /proc/cpuinfo`
`cryptsetup benchmark`

Steshenari_Ngamiani
Dada, mstari wa grafiki unasema llvmpipe. Kwenye amri ya kwanza, mwishoni kabisa, kuna neno `nomodeset`. Amri ya pili haikurudisha kitu. Ya tatu, mstari wa aes-xts 512b unasema kama 130 MiB/s.

binti_terminali
Ndiyo hapo. llvmpipe maana yake prosesa ndiyo inayochora skrini nzima, pikseli kwa pikseli, na chipu yako ya Intel HD 3000 imelala. Na prosesa hiyohiyo haina maelekezo ya AES (njia ya mkato ya kusimba iliyojengwa ndani ya prosesa), ndiyo maana amri ya pili ilikaa kimya. Intel walianza kuyaweka 2010, lakini i3 za kizazi chako waliziruka. X220 yenye i5-2520M inayo. Kwa hiyo yako inasimba kwa hesabu za kawaida, na SSD ya SATA inayoweza karibu 500 MB/s inaishia hapo kwenye 130. Unaponakili, mchoraji na msimbaji wanagombania viini viwili. Hukukosea kuona vinahusiana, umekosea mshitakiwa tu.

Hata ile kazi ya GNOME 48 haikukufikia. Ni fremu (picha moja ya skrini) ya tatu ya akiba, Daniel van Vugt wa Canonical, kampuni ya Ubuntu, aliihangaikia takriban miaka mitano hadi ikakubaliwa: fremu ikichelewa, chipu inaanza inayofuata bila kungoja. Chipu ikiwa imelala, inasaidia nini?

Swali langu: ulipowasha flashi ya kusakinisha, ulichagua nini?

Steshenari_Ngamiani
Hapo nacheka peke yangu kaunta. Kulikuwa na menyu ya utatuzi, ndani yake "hali ya grafiki ya msingi". Nikasema mashine ni ya zamani, ya msingi ndiyo nyepesi.

binti_terminali
Nilijua! Ile ni ya dharura, skrini ikigoma kuonyesha kitu. Inatia `nomodeset`, neno linalozuia dereva wa grafiki asipakiwe, na kisakinishi kinaihamishia kwenye mfumo wenyewe. Iondoe:

`sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="nomodeset"`

Washa upya. Halafu rudisha madoido, utayataka.

Steshenari_Ngamiani
Nimewasha upya. Mstari wa grafiki unasema Intel HD 3000, kitelezi kimerudi, na madirisha yanateleza kama samaki kwenye sinia lenye mafuta. Nimenakili picha 400 huku nafungua na kufunga dirisha makusudi: kunakili ni kulekule, ila mshale hausimami. Diski inabaki imesimbwa. Zima_tu, madoido nimeyarudisha, samahani.

zima_tu
Umeme wa kaunta yako mwenyewe. Ila mimi nisingelala kabla sijanakili kichwa cha LUKS. Sehemu hiyo ndogo mwanzoni mwa diski, yenye funguo za usimbaji, ikiharibika, nenosiri sahihi halikusaidii kitu.

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img`

Hakikisha kwanza kwa `lsblk` kwamba yako ni sda3.

Steshenari_Ngamiani
Ni sda3. Imekubali, faili la MB 16. Nimelihifadhi kwenye Nyaraka.

binti_terminali
Nyaraka za diski hiyohiyo?

Steshenari_Ngamiani
Natafuta flashi.