Binamu yangu ni prodyuza Ngarenaro, nimuulize nini ili nijifunze?

Wakuu habari, niko Sakina hapa Arusha, binamu yangu ana kastudio Ngarenaro, kila wikiendi naenda nakaa kwenye ndoo ya rangi naangalia anavyopanga biti na kurekodi madogo, nimeipenda hii kazi kweli ila sijui niulize nini. Naombeni ushauri.

Jibu: Mdogo wangu anza na hela, mambo ya biti utayaona tu. Mwambie akuonyeshe makubaliano, nani kaandika mashairi, nani katengeneza biti, kila mtu asilimia ngapi, na wasaini kabla maiki haijawashwa. Mi wimbo wangu wa kwanza hatukuandika kitu, ulipoanza kupigwa prodyuza akasema wote wake, inaniuma mpaka leo.

Jibu: Hapo umenena. Na BASATA na COSOTA ni vitu viwili, watu wanachanganya sana, BASATA ni ya kusajili wasanii, COSOTA ni hakimiliki, sheria yake ni ya 1999.

Jibu: Ndugu ni shule aisee, wale wana hip hop Joh Makini na Nikki wa Pili si ni ndugu wa damu na wote wa hapa hapa Chuga.

Muuliza swali: Asanteni sana, Jumamosi naenda na daftari.