Mrejesho: insha za hoja, Kidato cha Tatu

Asalaam aleikum wenzangu. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na wanafunzi wanaoandika insha ya hoja kama hotuba ya harusi: methali tatu mwanzoni, kisha "naunga mkono" bila sababu. Mkanishauri waanze kwa mdomo, kalamu ije baadaye.

Nimefanya. Mada: abiria wa miguu, wanaovuka bure feri ya Likoni hapa Mombasa, watozwe nauli? Darasa lilichafuka! Wengi wao huvuka kila asubuhi. Nikawageuza: anayepinga atetee, anayetetea apinge. Hapo ndipo "kwa sababu" zikaanza kutoka. Msichana mmoja, mamake huuza viazi karai ng'ambo, akapiga hesabu ubaoni: tuseme shilingi 10 kwenda, 10 kurudi, siku 26, ni 520 kwa mwezi. Kimya. Kisha kijana wa nyuma: "Na feri ikiharibika, mtaitengeneza kwa dua?" Nikamwambia aandike hivyo hivyo, aondoe dua tu.

Kumjibu mpinzani bado kunawashinda; wanamtukana. Na methali hazijaisha, wallahi. Lakini jana nimesahihisha insha 43, na nyingi zina angalau sababu moja yenye mashiko. Ahsanteni.