Naomba ushauri: wifi anataka binti yangu acheze hula harusini

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Honolulu, Hawaii, na binti yangu anajifunza hula, ngoma ya asili ya huku, kwenye halau, yaani shule ya hula. Adabu zao nazipenda mno: wanafunzi husimama mlangoni wakighani kuomba ruhusa, hawaingii mpaka kumu, mwalimu wao, awaitikie. Hata sketi ya pa'u huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, haitiwi mguu.

Sasa wifi anamwoza mwanawe, na ameshawatangazia wageni kwamba binti atacheza. Kumu hajaulizwa, na kwao ngoma aliyofundisha haichezwi nje bila idhini yake.

Nimkatalie wifi mapema, au nimwendee kumu kwanza? Na anayeomba ni mzazi au mwanafunzi mwenyewe? Wenye watoto kwenye halau, naombeni mnielekeze, sitaki kumvunjia mwalimu heshima.